Majivu Ndani ya Choo cha Kuvuta

Shimo la choo gumu kuliko yote niliyofungua katika kazi yangu lilizibwa na mwanamke msafi kuliko wote niliowahi kuwafahamu. Alilimwagia majivu ya jikoni kila asubuhi, kwa moyo mweupe kabisa. Majivu yakashuka chini ya maji, yakakutana na mchanga wa ziwa, yakawa jiwe. Nililipiga jiwe hilo kwa mtaimbo mpaka viganja vikafa ganzi, na nilipopumzika nikaona nimelichubua tu.

Kisa chenyewe ni cha Mbamba Bay, miaka ile biashara ilipofunguliwa. Lakini ninyi vijana mnaoanza kazi hii mmekuta mabomba ya plastiki, gundi ya kopo na gari la kunyonya majitaka linaloitwa kwa simu. Bila kujua tulikoanzia mtadhani nawatania. Basi nirudi nyuma kidogo.

Aliyenifundisha ni Mzee Hyera, mwashi wa Mbinga aliyejifunza mabomba kwenye karakana ya misheni. Nilipomfuata nilijua kupandisha ukuta, basi. Choo cha kuvuta nilikuwa nimekiona mara moja tu, nyumbani kwa mganga wa hospitali. Nilivuta mnyororo, maji yakanguruma, nikatoka mbio suruali ikiwa mkononi. Mzee Hyera alipousikia mkasa huo hakucheka. Alinipeleka shambani kwake, kwenye mteremko wenye ngolo, yale mashimo tunayochimba sisi Wamatengo ili mvua isiondoke na udongo wetu.

"Mvua ikinyesha, humu kunaingia nini?" akaniuliza.

"Maji na udongo."

"Udongo unakwenda wapi?"

"Unakaa chini."

"Na maji?"

"Yakitulia yanazama taratibu. Yakizidi yanafurikia ngolo ya chini."

"Yanafika huko yakiwa machafu kama yalivyoingia?"

"Hapana, Mzee. Yamepungua uchafu."

"Basi septiki umeshaijua. Twende tukale."

Nimesikia semina nyingi tangu siku ile, na nilizifurahia, lakini sijasikia maelezo yaliyonikaa zaidi ya hayo. Septiki ni shimo la kutulizia. Kizito kinakwenda chini, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimo la pili, lile la kunyonya, ambako ardhi inayapokea. Humo ndani kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaokula ule uchafu usiku na mchana bila kudai chochote. Kazi ya mwenye nyumba ni kuwapa wanachoweza kula. Kilichotoka tumboni wanakula. Karatasi laini wanaimaliza taratibu. Tambara hawalili, nailoni hawaili, mchanga hawauli, na ukiwamwagia dawa kali kila siku wanakufa.

Zamani mambo hayo hayakumhusu mtu wa kawaida, maana choo chake kilikuwa shimo refu la uani. Ndipo kikaja kile kipindi tulichokiita cha ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milimani, madukani zikarudi bidhaa tulizokuwa tumeanza kuzisahau, na saruji ikapatikana bila kibali. Watu wakajenga. Mkulima aliyekuwa na nyumba ya nyasi akaweka bati, na mwenye bati akataka choo ndani. Nilipata kazi mpaka nikawa nalala na buti. Lakini kuna jambo niligundua haraka, nikawa naliangalia kila ninapokwenda. Watu walihamishia choo ndani ya nyumba, na adabu za choo cha uani wakazihamisha nazo jinsi zilivyo.

Mkulima mmoja wa kahawa, jirani yetu wa mlima wa pili, alialika watu kwenye kubarikiwa kwa nyumba yake mpya. Kando ya sinki la choo aliweka kikapu kizuri kilichojaa magunzi ya mahindi. Ninyi wa leo huenda hamjui, lakini gunzi kavu ndilo lililotusafisha enzi karatasi haikuwapo, na yeye alikuwa ameyachagua moja moja, yale laini tu, kwa heshima ya wageni. Wageni nao hawakumwangusha. Kabla sala hazijaisha, maji yalikuwa yameanza kurudi sakafuni.

Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Fundi, choo changu cha uani kimekula magunzi miaka yote. Hakijawahi kulalamika."

"Mzee, kile ni shimo. Hiki ni koo."

Akalifikiria hilo. "Kwa hiyo nimekilisha mifupa."

Choo chake hakijaziba tena. Namshukuru mzee yule, kwa sababu neno lake la mifupa nimelitumia kuwafundisha watu wengi kuliko maelezo yangu yote.

Nisisahau mwanzi. Mzee Hyera alinifundisha kupasua mianzi mirefu iliyokomaa, kuilainisha mafundo kwa kisu, na kuiunganisha kwa waya mpaka upate kitu kinachopinda bila kukatika. Unakisukuma kupitia chemba, kile kisanduku cha zege bomba linapokaguliwa, na mkono wako unasikiliza. Tambara linavuta kama mpira. Gunzi linakwaruza. Mzizi wa mti unakataa kisha unaachia. Ukishautoa mwanzi, usiufute. Angalia ncha yake kwanza, kwa sababu kilichonata hapo hakina sababu ya kukudanganya, wakati wenye nyumba wanazo nyingi.

Sasa Mbamba Bay.

Aliyeniita ni Mama Salma, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Kilwa. Alikuwa na duka la kanga na sabuni karibu na soko, na biashara ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kushangilia. Halafu kila mtu akaanza kuuza kanga na sabuni. Duka likadhoofu. Mama huyu hakukaa kulia. Aliona wafanyabiashara wanaoteremka kutoka milimani na wanaoshuka kwenye boti wanalala barazani kwa watu, akajenga nyumba ya wageni karibu na ufuko, yenye choo cha kuvuta. Mumewe alikuwa amefariki, na ile nyumba ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake Salma. Duka lilibaki jina tu.

Masika yale maji machafu yakaanza kutoka uani kwake. Yakatengeneza kijito chembamba kilichoelekea ziwani, mahali wanawake wanapochota maji na kuosha usipa, dagaa wetu wa ziwani. Kipindupindu kilikuwa kinatajwa kila kona. Bwana Afya, kijana wa Singida aliyehamishiwa kwetu, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo, alikitazama kile kijito akasema, "Mama, nitarudi Jumatatu. Nikikuta maji haya bado yanatoka, nitafunga nyumba. Nisamehe, lakini nitafunga."

Nilishuka na lori la muhogo lililotokea Tingi, mianzi yangu ikiwa imefungwa juu ya magunia. Nilimkuta Mama Salma uani, amejifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Usikae. Chai utainywa umesimama."

"Tatizo limeanza lini?"

"Limeanza tangu walipokuja hawa wa mitumba!" Alinyoosha mkono kwa kijana mmoja aliyekuwa anakunja suruali barazani. "Wanaingia na furushi, wanatoka na furushi, hapo katikati sijui chooni kwangu wanaacha nini."

"Mama Salma," yule kijana akajibu bila kuinua kichwa, "mimi nauza suruali. Nikizitupa chooni nitamuuzia nani? Samaki?"

"Kaa kimya wewe. Siku ile nani alikaa chooni mpaka maji yakaisha kwenye pipa?"

"Ni maharage yako, mama. Nayo nitupiwe mimi lawama?"

Wote waliokuwapo walicheka isipokuwa Mama Salma. Akatokea mpishi, Bibi Anastasia, mzee mfupi wa Kinyasa kutoka Mbaha, akaniletea maji ya kunawa. Ndiye aliyepika na kusafisha nyumba ile yote. Sakafu zake ungeweza kulia ugali. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayemwombea mgonjwa, "Mwanangu, kitibu vizuri. Hiki choo nakitunza kama mjukuu."

Nikafungua chemba, nikaingiza mwanzi. Ulikwenda vizuri mpaka mlangoni mwa shimo, ukagota. Haukuvuta kama tambara, haukukwaruza kama gunzi. Ulikuwa kama umegonga ukuta. Nikasukuma, nikazungusha, nikautoa. Ncha ilikuwa na kitu cha kijivu, kizito. Nikakisugua kati ya vidole. Kilikuwa laini kama unga, na ndani yake punje za mchanga.

Tukaondoa mifuniko yote ya zege, tukaacha shimo wazi kwa anga. Hapa nisikilizeni kwa makini kuliko popote. Hewa ya shimo la majitaka inaua, na inaua mtu mwenye nguvu haraka kama dhaifu. Hatukuwasha kiberiti, hatukuingia, tulikaa mbali tukanywa ile chai. Kazi yote tuliifanya tukiwa juu, kwa vyombo vyenye mpini mrefu. Nimezika rafiki mmoja wa kazi hii aliyeruka ndani kuokota patasi. Patasi.

Tulipochota maji ya juu kwa ndoo, likaonekana. Kuanzia mlango wa bomba kwenda chini, shimo lilikuwa limejaa kitu kimoja cha kijivu, kigumu, kimelala sawasawa kama sakafu ya kanisa.

"Nini hicho?" Mama Salma akauliza. "Saruji? Nani amenimwagia saruji?"

Bibi Anastasia alisogea, akainama, akatabasamu. "Si majivu yangu hayo?"

Nikaweka ndoo chini.

"Namwaga kila asubuhi nikishatoa jikoni," akaendelea, bado anatabasamu. "Halafu nasugua na mchanga wa ufukweni, kama sufuria. Ndiyo maana hakinuki. Mmewahi kusikia kinanuka?"

Alikuwa anasema kweli. Hakikuwahi kunuka. Katika choo cha uani majivu ni dawa safi kabisa. Yanakausha, yanafukuza nzi, yanaua harufu, na mama zetu wote walituambia tumwage. Bibi alikuwa amelelewa vizuri. Lakini kwenye shimo lenye maji majivu hayana la kukausha. Yanazama, yanabanana, na yakichanganyika na mchanga yanashikana mwaka baada ya mwaka.

Kijana wa mitumba akapiga makofi. "Jamani, leo nimeachiwa huru!"

Hapo ndipo Bibi alipotutazama usoni mmoja mmoja. Tabasamu likamwishia. Alifungua kile kitenge alichokuwa akijifunga wakati wa kupika, akakikunja, akakiweka juu ya ndoo. "Basi nimekufungia nyumba, mwanangu," akamwambia Mama Salma.

Nimefanya kazi hii kwenye nyumba nyingi, na najua kinachofuata dakika kama ile. Nimeona watumishi wakifukuzwa kwa leso moja iliyoziba bomba. Mama Salma alikuwa na haki ya kukasirika, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Akakichukua kile kitenge, akakikung'uta.

"Bibi, mimi nilikuona," akasema. "Kila asubuhi nilikuona unapita na karai, nikasema Mungu amenipa mtu. Kosa ni letu wote wawili. Jifunge, kuna watu hapa hawajala."

Halafu akamgeukia yule kijana. "Na wewe uliyeachiwa huru, vua shati ushike ndoo."

Na alishika, namshukuru. Tulichimba shimo jingine juu ya mteremko, mbali na ufuko, tukabeba huko kila kilichotoka. Lile jiwe nililianzia pembeni, kwa sababu katikati lilikuwa gumu mno. Nilichonga mfereji kuzunguka ukuta kwa mtaimbo, kisha nikawa nabandua mabamba kuelekea katikati. Likagoma, likatoka, likagoma tena.

Jumapili baada ya ibada Bwana Afya akaja, siku moja kabla ya ahadi yake. Mama Salma akamwona kwa mbali akasema, "Amekuja mapema afunge vizuri." Yeye akatazama mfereji, akatazama shimo tulilochimba juu, akauliza nani amechagua mahali pale. Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa kukubali, akavua viatu, akakunja suruali yake nzuri ya kanisani.

"Mimi ni wa serikali, fundi," akasema, "lakini ndoo naweza kubeba."

Ningependa mumkumbuke kijana yule kila mnapowalalamikia watu wa afya. Angeweza kusubiri Jumatatu kivulini.

Tulichimba mpaka chini kabisa ya mlango wa bomba, tukapita, tukaendelea. Kisha nikafika kwenye tabaka lililolia sauti nyingine. Lilikuwa zito, limeshikana kuliko yote yaliyotangulia. Nikasimamisha mtaimbo. Nikamuuliza Mama Salma nani alilijenga lile shimo, na kama chini alimwaga zege.

"Fundi mmoja mpita njia. Alimaliza akavuka ziwa, sijamwona tena. Zege alimwaga. Saruji nilinunua mwenyewe."

Bibi Anastasia, ambaye ndiye aliyewapikia wale wajenzi, akasita. "Kuta nazikumbuka," akasema. "Siku ya kumwaga chini siikumbuki."

"Ulikuwa jikoni, Bibi."

"Nilikuwa jikoni, kweli. Lakini wakimwaga zege huwa wanaomba chakula kingi. Siku hiyo siikumbuki."

Mimi na Bwana Afya tukatazamana. Mchanga wa ufukweni hauzuii maji. Kama fundi yule hakumwaga sakafu, basi kilichokuwa kinazuia uchafu wa nyumba nzima usiingie ziwani, hatua chache kutoka wanapochota maji, kilikuwa ni hilo tabaka nililokuwa nimelielekezea mtaimbo. Ningevunja tungejua. Ila kama jibu lingekuwa baya, tungekuwa tumeshalitoboa.

Tukakubaliana kulijaribu. Nilipiga msumari ukutani, tukajaza maji safi mpaka usawa wa msumari, tukaweka mifuniko. Usiku ule Mama Salma hakulala, alikiri mwenyewe. Asubuhi ya Jumatatu tulifunua mbele ya Bwana Afya. Maji yalikuwa yamegusa msumari vilevile. Uani palikuwa pakavu. Nilitamani kumwaga zege juu ya lile tabaka, lakini shimo lingebaki fupi mno, na uchafu ungevuka kwenda shimo la kunyonya kabla haujatulia. Bwana Afya akasema, "Endelea na wageni wako, mama," akaenda zake.

Tangu siku hiyo Bibi Anastasia akawa mwalimu kuliko mimi. Mgeni hakupewa ufunguo kabla hajasimamishwa mbele ya mlango wa choo. "Mwanangu, humu kinaingia kilichotoka tumboni, na maji, na karatasi laini kidogo. Kingine chochote kiko hapa," na alikuwa anaonyesha ndoo yenye mfuniko. Wanawake aliwaambia kwa kuwanong'oneza. Wanaume aliwaambia kwa sauti, mbele za watu. Mtu mzima na mkoba wake wa ngozi alisimama akasikiliza, akaitika "Ndiyo, Bibi." Majivu akayahamishia kwenye shina la mipapai. Mafuta ya kukaangia samaki hayakumwagwa tena kwenye sinki la jikoni, alifuta sufuria kwa maganda ya mahindi kabla ya kuosha. Hilo la mafuta sikumfundisha mimi. Alilifikiria mwenyewe baada ya kuona ule utando uliokuwa unaelea juu ya shimo, na mimi nimelichukua kwake, nikalifundisha Mbinga yote.

Nashukuru kwamba nililipwa kwa maisha yangu yote ili niingie uani kwa watu na kuona wanavyoishi. Si kazi inayotajwa kwenye harusi. Lakini kila niliyekutana naye kwenye shimo lililoziba alikuwa anajaribu kufanya kitu kizuri kwa namna aliyoijua, na ukianza na wazo hilo utaziba midomo michache na kuzibua mabomba mengi. Mzee Hyera, Bibi Anastasia, kijana wa Singida, hata yule wa suruali, wote wamenipa sehemu ya ninachowapa ninyi.

Nyumba ile bado inapokea wageni. Salma ndiye anayeiendesha sasa, na anataka kuongeza vyumba. Vyumba vipya vinataka shimo kubwa zaidi, na mahali pekee palipobaki ni pale pale. Mwezi uliopita alinitumia watu wanichukue. Nilisimama juu nikashusha mwanzi. Tabaka liko, na maji hayajapungua. Salma akaniuliza kama avunje. Mama yake, ambaye sasa haoni vizuri, alijibu kutoka barazani kwamba sakafu ipo, saruji alinunua mwenyewe. Bibi Anastasia alishafariki, na yule fundi aliyevuka ziwa hatujampata. Nimemwambia Salma asubiri. Wanawake bado wanachota maji pale chini, na mpaka leo hakuna anayejua kama chini ya yale majivu kuna zege au kuna mchanga tu.